Mbwa mweupe wa Mama Daniella

Jumamosi iliyopita Mama Daniella alinigongea geti akiwa amebeba beseni la kufulia. Ndani yake alikuwamo mbwa wake, bishoni (bichon, mbwa mdogo wa manyoya marefu) aliyeingia kwao mwezi wa tano akiwa mweupe kama unga wa bukari, sasa ana rangi ya tofali. "Yaya," ndivyo huku tunavyomwita mkubwa wetu, "unisaidie, nimemuosha tangu asubuhi, haitoki." Nikamuuliza kama alimchana kabla ya kumwosha. Aliniangalia kana kwamba nimemuuliza kama mbwa amekwenda kusali.

Simlaumu. Aliyemuuzia alimwambia neno moja tu: huyu hapukutishi manyoya. Kwa neno hilo alitoa dola 400. Mtoto wake wa pili ana pumu, sofa ni mpya, na baba wa nyumba hataki kuona hata unywele mmoja kwenye suruali yake ya kazini. Sisi majirani tulimpongeza, na mimi nikiwamo.

Tulikaa chini ya mwembe na mkasi wa kushonea, kuanzia saa nane mchana mpaka giza lilipoingia. Nyuma ya masikio manyoya yalikuwa yameshikana yakawa kipande kimoja kigumu, kama zulia la mlangoni lililokanyagwa mwaka mzima. Ukikivuta, ngozi nzima inakuja nacho na mbwa analia. Mle ndani nilitoa vumbi jekundu la kiangazi, mbegu za kishona nguo zaidi ya kumi, kupe wawili walioshiba, na kwapani, chini kabisa, nikakuta jipu la yule funza wa inzi anayetufanya tupige pasi hata chupi. Kwa mbwa mwenye manyoya mafupi jipu hilo ungeliona siku ya kwanza. Sabuni na maji ya asubuhi vilikuwa vimekaza kila fundo. Mbwa wa namna hii huchanwa akiwa mkavu, mafundo yaishe, ndipo maji yafuate. Ukianza na maji, umejiitia mkasi.

Ndiyo maana nasema, na watakaokasirika wakasirike: kwa nyumba nyingi za hapa Lubumbashi, Kongo, mbwa "asiyepukutisha" ana kazi kubwa kuliko anayepukutisha.

Manyoya ya kila mbwa huota, huzeeka na kung'oka. Wale mbwa wa Kijerumani tunaowaweka getini chini ya kibao cha "Chien méchant" (mbwa mkali) wana manyoya ya tabaka mbili, na lile la ndani, laini, hutoka kwa mafungu na kuruka hadi kwenye sufuria. Kwa kanishi (poodle), bishoni, Yorkshire na wenzao, unywele hukua muda mrefu kabla ya kung'oka, karibu kama wa mtu. Ukishang'oka, mara nyingi haufiki chini, unanaswa na wenzake. Kwa hiyo ufagio unapumzika na kitana kinaanza kazi: kuchana karibu kila siku, kunyoa kila baada ya wiki nne hadi sita. Kinyozi wa mtaani kwetu hatakubali kumkalisha mbwa kwenye kiti chake, kwa hiyo kinyozi ni wewe. Mashine ya kunyolea inangoja umeme urudi. Maji nayo, kwetu yanakuja usiku wa manane yakitaka, na bishoni mmoja mdogo Jumamosi ile alimaliza mabidoni mawili ya lita 20. Hayo ni maji ya kupikia ya siku nzima.

Tena, sisi wengi tunakaa juu ya sementi tunayofagia kila asubuhi, mbwa awepo asiwepo. Hofu ya manyoya kwenye kapeti tumeiazima kwa watu wenye kapeti.

Lakini pumu ya mtoto si mchezo, na hapo ndipo wauzaji wanaponiudhi. Kinachomwasha mtu mwenye mzio wa mbwa hasa si unywele wenyewe. Ni protini zilizo kwenye mate, kwenye mba ya ngozi na kwenye mkojo wa mbwa, na kila mbwa ana mate. Mwaka 2012 watafiti wa Uholanzi walilinganisha mbwa wanaouzwa kwa sifa ya kutoleta mzio na mbwa wengine. Manyoya ya wale wa sifa yalikutwa na mojawapo ya protini hizo kwa wingi zaidi, na hewani ndani ya nyumba hakukuwa na tofauti. Hata Labradoodle, ambaye jina lake linavuma leo, alianza hivyo hivyo: huko Australia, mwishoni mwa miaka ya 1980, Wally Conron alichanganya Labrador na kanishi ili apate mbwa wa kumwongoza mwanamke asiyeona wa Hawaii, ambaye mume wake alikuwa na mzio. Walipotuma manyoya na mate ya watoto wa mbwa yapimwe, katika watatu mmoja tu ndiye hakumsumbua yule bwana. Mama mmoja, baba mmoja, uzao mmoja. Miaka mingi baadaye Conron mwenyewe alisema anajutia alichokianzisha.

Sasa, kuna mbwa ambaye manyoya yake ni mafupi kama brashi ya viatu, hupukutisha kidogo, hana harufu kali, hujilamba mwili kama paka, na habweki kama wengine bali hutoa sauti kama mtu anayejaribu kuimba. Ana kilo kumi hivi, masikio wima, paji la uso lenye mikunjo, mkia uliojikunja mgongoni. Huko ng'ambo watu wanajiandikisha kumngoja. Ametoka wapi? Kwetu, kwenye misitu ya Kongo, ambako wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni kwa sababu ni mkimya mno. Jina lake duniani kote ni Basenji. Lisome kwa Kiswahili cha hapa, huhitaji kamusi. Shangazi yangu hulitumia kwa watu wanaotema mate sebuleni.

Wawili walionyeshwa Crufts, maonyesho ya mbwa ya London, mwaka 1895, wakafa muda mfupi baadaye kwa distempa, ugonjwa wa virusi wa mbwa. (Leo ina chanjo. Ya kichaa cha mbwa pia, na mwenye kukagua manyoya kabla ya chanjo sina la kumwambia.) Ni katika miaka ya 1930 ndipo walipofanikiwa kuwazalisha Ulaya. Sisi huku tulibaki tunawarushia mawe.

Kopo wangu si basenji wa vyeti. Ni imbwa ya mtaani, nilimpata mtaa wa Katuba kwa bei ya sukari kilo mbili, na babu yake huenda alitoka kila upande. Anapukutisha, sidanganyi, lakini kwa kitambaa kibichi mara moja kwa wiki na ufagio ule ule wa kila siku, mambo yanaisha. Na msidhani nawauzia malaika. Mbwa wa damu hii ni kichwa ngumu. Ukimwita, anakusikia, anafikiri, kisha anaamua. Basenji wa ukoo safi pia wana ugonjwa wa figo unaorithiwa. Na kuku! Lupango, yaani kiwanja cha nyumba, isiyo na ukuta mzuri, usithubutu.

Mama Daniella alisikiliza yote haya huku akiokota manyoya kwenye sketi yake. "Kopo akizaa, unitunzie moja." Nikamwambia asitake jibu kwangu. Amlete mtoto kwanza, akae na Kopo jioni tatu nne hapa hapa uani, dawa ya pumu ikiwa mfukoni na daktari wake akiwa anajua, tuone kifua kinasema nini. Bishoni wake tulimwachia manyoya ya urefu wa ukucha ili jua lisimchome. Alikuwa amelala ndani ya beseni, miguu juu, anakoroma.

Jumapili baada ya misa mtoto alikuja mbio, peke yake. Mimi nilikuwa bado natafuta funguo za geti, na Kopo alikuwa ameshampandisha jogoo wa jirani juu ya mwembe.