Mwarobaini wa kijiweni kwetu

Juzi asubuhi nilifika kijiweni nikakuta vijana wa bodaboda wamesimama juani. Mwarobaini haupo. Limebaki gogo bichi, na majani yametapakaa mpaka mtaroni. Mama anayetuuzia chai na vitumbua alikuwa anaburuta meza yake kufuata kivuli chembamba cha ukuta. Nikamuuliza, "Mama, nani kaukata?" Akanijibu, "Walikuja na gari, mwanangu, wana msumeno wa mashine. Wanasema matawi yanagusa nyaya. Saa mbili na nusu walikuwa wameshamaliza."

Nimekaa chini ya mti ule tangu nikiwa sekondari. Imeniuma sana.

Sawa, matawi na nyaya havikai pamoja, hasa upepo wetu wa kiangazi ukianza. Lakini yaliyogusa nyaya ni matawi mawili tu ya upande wa barabarani. Hayo yanapogolewa, shina linabaki, watu wanaendelea kukaa.

Najua jibu litakalokuja: tutapanda mingine. Hapo ndipo ninapokasirika zaidi. Kupanda tunapanda kweli, kila mwaka mvua zikianza Desemba. Ila Dodoma mvua ya mwaka mzima ni kama milimita 600, mara nyingi pungufu, na ikishakata mwishoni mwa Aprili ndiyo basi mpaka Novemba au Desemba. Mche wa Januari unaingia kiangazi ukiwa na mizizi mifupi, udongo umekauka kama tofali, mchwa wanausubiri, na mbuzi wa mtaani hawana mwenyewe mchana. Miezi saba. Nani analeta ndoo ya maji hiyo miezi saba?

Mwaka juzi mtaani kwetu ilipandwa miche 14. Nilikuwepo, nilichimba mashimo mawili kwa mkono wangu. Kufika Oktoba ulibaki mmoja tu, ule uliopo mbele ya genge la nyanya. Dada wa genge kila jioni alikuwa anaumwagia maji aliyooshea mboga, na ameuzungushia miiba ya mgunga. Yangu miwili ilikufa, kwa sababu sikurudi. Miche 13 imekufa, na kwenye hesabu ya upandaji bado inasomeka 14.

Watu wa Kondoa wanalijua jambo hili kuliko sisi wa mjini. Mradi wa HADO, yaani Hifadhi Ardhi Dodoma, ulianza mwaka 1973, lakini ardhi ile iliyokuwa imeliwa na makorongo ilirudisha majani na miti baada ya mifugo kuondolewa mwaka 1979. Wafugaji waliumia, hilo lazima lisemwe. Lakini kilichoirudisha Kondoa ni kulindwa, na sehemu kubwa ya uoto ule ulijiotea wenyewe.

Kwa hiyo ninachoomba si kampeni nyingine. Kila mti wa barabarani uwe na mtu wake, na awe yule anayeshinda hapo: mama lishe, fundi viatu, kijiwe cha boda. Apewe maji au fedha ya maji kwa miezi ya kiangazi, na jina lake liandikwe serikali ya mtaa. Mwezi wa kumi ihesabiwe iliyo hai. Na mafundi wa pevingi waache nafasi kuzunguka shina. Wanapanga matofali mpaka yanagusa gome, maji yapitie wapi?

Leo nimepita tena. Gogo limeanza kutoa machipukizi, mwarobaini haufi kirahisi. Mama wa chai ameliwekea tairi kuukuu kulizunguka na anamwagia maji ya kusuuzia vikombe. Gari lile likirudi, wenye msumeno wamuulize yeye kwanza.