Mnaziua Taa Nzuri Kabla Hazijamulika Barabara Zetu

Nimechoshwa na matangazo ya magari ya umeme yaliyotumika ambayo kila picha imeandikwa chini yake "taa zinazojirekebisha". Hata Nissan Leaf ya kizazi cha kwanza, ile iliyotoka mwaka 2010, inauzwa kwa maneno hayo. Leaf hiyo ina dimu (mwanga wa karibu, unaoelekea chini) ya LED na fulu (mwanga mkali wa mbali) ya halojeni, yaani balbu ya waya, na zile za daraja la chini ni halojeni kotekote. Taa zake zimetokeza mbele kama macho ya chura kwa sababu wachoraji walitaka upepo ugawanyike usipige vioo vya pembeni. Hakuna kinachojirekebisha pale.

Vitu vitatu vinachanganywa, na anayeumia ni mnunuzi. Kuna fulu inayojizima yenyewe ikiona gari linakuja, kisha ikajiwasha gari likipita. Kuna taa inayogeuka kufuata usukani. Halafu kuna taa ya matriksi, ambayo fulu yake haizimiki: kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele inatambua taa za mwenzako, kompyuta inafifisha vipande vile tu vinavyomwelekea, na kila kitu pembeni yake kinabaki kwenye mwanga mkali. Watu wanalipia hii ya tatu wanapewa ya kwanza.

Wauzaji wa magari mapya nao wana ugonjwa wa kuhesabu pikseli, yaani vile vipande vya mwanga vinavyowashwa na kuzimwa kimoja kimoja. Audi A8 ya 2013 ilianza na LED 25 za fulu kwa kila taa. Volkswagen Touareg ya 2023 ina LED ndogo 19,216 kila upande, na Porsche Taycan ya 2024 inaweza kuwekewa taa yenye pikseli zaidi ya 32,000. Volkswagen ID.4 yenye taa za matriksi ina vipande 11 kila upande, na nasema bila kusita kwamba 11 vinatosha kabisa kumwona mtu anayetembea pembeni mwa lami kati ya Chalinze na Segera, Tanzania.

Na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Taa hizi zinatufaa sisi kuliko Wajerumani waliozibuni. Barabara zetu kuu nyingi ni za njia mbili, hazina ukingo katikati, na usiku zinatumiwa na watu wa miguu, baiskeli zisizo na kiakisi mwanga, ng'ombe, na malori yaliyoharibika yaliyotangulizwa matawi ya mti badala ya pembetatu. Dimu iliyopimwa vizuri, kwa upande wa gari linalokuja, inamulika takriban mita 50 hadi 60. Ukiwa kwenye kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Weka sekunde moja na nusu ya kushtuka, weka na breki nzuri juu ya lami kavu: unahitaji karibu mita 70 kusimama. Hesabu haifungi. Kila mara tunapopishana na gari jingine tukiwa kwenye dimu, tunaendesha kwenye giza ambalo hatuna uwezo wa kusimama ndani yake. Taa ya matriksi inaifunga hesabu hiyo, kwa sababu pembeni pote kunabaki fulu wakati mnapishana. Gari lenye kifaa hicho likifika kwetu likiwa zima, ni wajibu kulitunza. Tunachofanya ni kukiua ndani ya wiki ya kwanza, kwa mikono yetu.

Muuaji wa kwanza ni spesa, kile kipande kinachowekwa kwenye springi ili kuinua gari. Gari la umeme liko chini, betri iko sakafuni, matuta yetu ni marefu, kwa hiyo mwenye gari anataka liinuliwe sentimita tatu. Nawaelewa. Lakini angalia kinachotokea. Nyuma ya gari, kwenye mkono wa chini wa sespensheni, kuna sensa ndogo (kifaa cha kupima kimo) yenye kifimbo chenye vichwa vya plastiki. Kazi yake ni kuiambia kompyuta kama buti limepakiwa mzigo. Nyuma ikishuka, pua inainuka, kompyuta inashusha taa. Nyuma ikipanda, kompyuta inaamini pua imeinama, inainua taa. Sasa umeweka spesa magurudumu yote manne. Bodi imepanda ikiwa sawa, haikuinama popote, lakini sensa ya nyuma inaona mkono umening'inia kuliko kawaida na kutoa taarifa kwamba nyuma imepanda sentimita tatu. Kwa gari ambalo ekseli zake ziko mita 2.7 mbalimbali, hiyo ni mwinamo wa asilimia 1.1. Kompyuta inainua taa kwa asilimia 1.1. Taa ilitoka kiwandani ikiwa imeinamishwa asilimia 1. Umeifuta yote, na bado kidogo imebaki ya kuelekea juu. Dimu yako sasa inampiga usoni kila anayekuja, na wewe unaapa hujawasha fulu.

Gari lenye sensa mbele na nyuma lina nafuu, kwa sababu makosa ya pande mbili yanakaribia kufutana. Yangefutana kweli kama spesa za mbele na za nyuma zingekuwa sawa, jambo ambalo mafundi wetu hawalipimi.

Dawa ipo na si ngumu. Gari likiinuliwa, au springi na shokapu zikibadilishwa, kipimo cha sensa lazima kirudishwe sifuri. Simamisha gari kwenye sakafu iliyo sawa, jaza upepo unaotakiwa (Leaf ni psi 36), ondoa mizigo, kisha fuata maelekezo ya gari husika kuhusu mtu wa kukaa kwenye usukani. Fundi aunganishe mashine ya kusoma kompyuta, aingie kwenye moduli (kompyuta ndogo) ya usawa wa taa, aamuru ijifunze upya. Baada ya hapo ndipo taa zinapimwa ukutani. Soma asilimia iliyoandikwa kwenye kibandiko karibu na taa, mara nyingi 1.0 au 1.2. Asilimia 1 maana yake ni sentimita 10 kushuka kwa kila mita 10. Weka gari mita 10 kutoka ukutani, pima kimo cha kitovu cha taa kutoka chini, chora mstari ukutani kwa kimo hicho, chora mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa mwanga wa dimu, ile sehemu iliyonyooka, ukae kwenye mstari wa chini. Asiye na mashine anaweza kufunga kifimbo kinachorekebishika urefu na kuirudisha sensa kwenye pembe yake ya zamani. Kinachokatazwa ni kung'oa sensa au kukunja kishikio chake kwa koleo hadi taa ya onyo izimike.

Muuaji wa pili ni kioo cha mbele. Kioo kikipasuka kwa kokoto, kinawekwa cha bei rahisi, kishikio cha kamera kinagundishwa kwa macho tu, halafu gari linakabidhiwa. Kamera ikipotoka hata nyuzi moja, mita 50 mbele imekosea karibu sentimita 90. Giza lililokusudiwa kumlinda dereva wa lori linaangukia pembeni yake, na yeye anapata fulu kamili. Kila kioo kipya kinadai kamera ipimwe upya, kwa bango maalumu gereji au kwa kuliendesha gari mashine ikiwa imeunganishwa, kutegemea mtengenezaji. Na tinti ya juu ya kioo isifike mbele ya kamera.

La tatu ni ukungu wa plastiki. Jua letu linaigeuza lenzi ya taa kuwa ya njano, na lenzi yenye ukungu inatawanya mwanga hadi kwenye lile eneo lililozimwa, hivyo hakuna tena giza la kumkinga mtu. Kuisugua kwa dawa ya meno kunaondoa tabaka linalozuia miale ya jua, na baada ya miezi michache inarudi mbaya zaidi. Ikisuguliwa, ipigwe vanishi yenye kinga ya jua siku hiyohiyo.

Balbu za LED za kuchomeka kwenye taa ya halojeni sitazijadili sana. Kioo cha ndani ya taa kinachoakisi mwanga kilichorwa kwa waya mdogo wa balbu ulio mahali maalumu. Ukiweka vibati viwili vya LED vinavyomulika pembeni, mwanga unakwenda kokote. Usiziweke. Na anayekwambia LED zitaongeza sana umbali wa betri anakuuzia maneno: halojeni mbili za dimu zinakula wati 110, LED labda nusu ya hapo au pungufu, wakati mota inakula maelfu ya wati.

Sasa wanaozitengeneza. Japani kuna Koito, Stanley na Ichikoh, na Ichikoh tangu 2017 hisa zake nyingi ni za Valeo ya Ufaransa. Hella ya Ujerumani imekuwa chini ya Forvia tangu 2022. ZKW ya Austria ilinunuliwa na LG mwaka 2018. China kuna Xingyu ya Changzhou na HASCO Vision ya Shanghai, ambayo zamani ilikuwa Shanghai Koito. Wote hawa wanamuuzia mwenye kiwanda cha magari taa nzima iliyogundishwa, na yeye anakuuzia wewe taa nzima. Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kugundisha kuna sababu: unyevu ni adui wa vibao vya umeme vya LED, na lenzi zinapangwa kiwandani kwa usahihi ambao gereji haina. Lakini moduli inayoendesha LED kwenye taa nyingi imefungwa nje, chini, kwa skrubu, na ndiyo inayokufa kwanza kwa maji ya mashine ya presha kwenye kuosha gari. Mota ya kuinua taa nayo ni kifaa kidogo. Vifuniko vya kupumulia ni vipande vya raba. Hakuna sababu ya kiufundi inayomlazimisha mtu wa Nakuru au Mwanza kununua taa nzima kwa kipande cha raba kilichopotea. Wanaoagiza magari haya kwa makumi wanapaswa kudai vipuri hivyo kwa namba, kwenye mkataba, kabla ya meli kuondoka.

Ukilazimika kununua taa iliyotumika, linganisha namba iliyochongwa pamoja na jina la mtengenezaji. Umbo moja linaweza kubeba moduli tofauti ndani. Halafu tafuta mshale. Taa yenye alama ya E ndani ya duara (alama ya kibali cha kimataifa) na mshale unaoelekea kulia kwako ukiwa umeitazama uso kwa uso ni ya wanaoendesha upande wa kushoto wa barabara: Tanzania, Kenya, Uganda. Yenye E bila mshale ni ya wanaoendesha upande wa kulia: Rwanda, Burundi, Kongo, Oman. Yenye mshale wa pande mbili inaweza kubadilishwa. Taa zinazokuja Nairobi na Dar kupitia Dubai zinaweza kuwa hazina mshale, na ukiifunga moja, mwanga wake unapanda kulia, machoni pa anayekuja. Taa nyingi za matriksi hubadilishwa upande kwenye menyu ya gari, na anayevuka Rusumo kwenda Kigali akumbuke kufanya hivyo mpakani.

Kwa ndugu wa Kigali, Bujumbura na Muscat wanaonunua magari yaliyotoka Marekani kuna tahadhari moja zaidi. Toyota iliomba ruhusa ya taa hizi kule mwaka 2013 na sheria ikabadilishwa Februari 2022. Gari la Marekani la kabla ya hapo, hata kama la Ulaya la jina hilohilo lina matriksi, huenda likawa na taa nyingine au programu iliyofungwa. Tesla zenyewe zilikaa miaka na LED za matriksi zisizofanya kazi hiyo, hadi programu ilipoziamsha Ulaya 2024 na Marekani 2025.

Kabla ya kulipa, litoe gari usiku kwenye barabara isiyo na taa za mtaani, mwendo uzidi kilomita 40 kwa saa maana chini ya hapo mifumo mingi haiamki. Weka swichi kwenye otomatiki, fuata gari la rafiki kwa umbali wa mita 60 hivi. Unapaswa kuona kisanduku cha giza kimeligandia gari lake huku majani ya pembeni yakiwa meupe kwa fulu. Akikata kona, kisanduku kimfuate. Kisha ageuze aje mkabala nawe, umuulize kama ameumia macho. Muuzaji akikataa jaribio la usiku, mlipe bei ya gari lenye fulu ya kawaida.