Plagi Imeingia, Moshi Umetoka

Harufu ilifika kabla ya mwenyewe. Kariakoo ina harufu zake, na aliyeweka meza ya ufundi Mtaa wa Aggrey huzizoea zote, lakini ya kapasita (kile kikopo kidogo cha kutunza chaji ya umeme) iliyopasuka haijifichi hata pembeni ya karai la chipsi. Nikainua kichwa. Direkta huyo anakuja, kakumbatia kava la diski ya kompyuta kalifunga kwa kanga. Nyuma yake kijana wake wa kazi anatembea kwa adabu ambayo sijapata kumwona nayo.

"Fundi, habari za kazi?"

"Njema. Nini kimeungua?"

"Hakijaungua. Kimenuka tu."

Direkta ana studio ya video za harusi huko Sinza. Cheo hicho kajipa mwenyewe, kimeandikwa mgongoni mwa fulana. Ndani ya kava mlikuwa na diski ya inchi 3.5, terabaiti 4, na ndani ya diski mlikuwa na harusi za msimu mzima, send-off na kitchen party zake humo humo.

Diski ndogo za inchi 2.5, hizi za laptopu, huishi kwa umeme wa waya wa USB peke yake: volti 5, na tundu la USB 3.0 limeruhusiwa kutoa hadi miliampea 900. Ya inchi 3.5 haishibi hapo. Mota yake inataka volti 12, ndiyo maana kava lake huuzwa na adapta ya ukutani, mara nyingi ya volti 12 na ampea 2. Sasa adapta ya Direkta ilikuwa imehamia ukumbini. Mpambaji mmoja alikosa umeme wa taa za LED za nyuma ya kiti cha bibi harusi, taa zenyewe ni za volti 12, akaazimwa, na mpaka leo taa zinawaka. Usiku ule kijana akabaki studio na diski isiyo na adapta, pamoja na droo iliyojaa chaja za zamani.

"Nilijaribu moja moja," akanieleza, "mpaka iliyoingia."

Iliyoingia ilikuwa chaja ya laptopu, volti 19, ampea 3.42. Plagi yake kwa nje ina milimita 5.5, sawa kabisa na ya adapta ya kava. Tofauti imejificha ndani: tundu la plagi hiyo ni milimita 2.5, na sindano ya kava ni 2.1. Kwa hiyo iliingia bila ubishi, ikalegea kidogo tu.

"Nikaitikisa, ikashika."

"Hukusoma maandishi?"

"Nilisoma, fundi. Ampea zimezidi. Na ampea zikizidi si kitu, wewe mwenyewe ulisema."

Nilisema, na ni kweli. Chaja ya ampea nyingi hailazimishi. Kifaa huchota kinachohitaji na kuacha kinachobaki. Volti ndizo hazina staha, hizo huingia zote zilivyo. Kwenye makava mengi ya aina hii njia ya volti 12 hutoka kwenye tundu la adapta ikaenda karibu moja kwa moja hadi kwenye diski. Hakuna mlinzi katikati. Kapasita ya kava ilikuwa ya volti 16, ikapewa 19, ikavimba kichwa na kutema moshi. Huo ndio uliosikika kwa jirani, akagonga mlango akiuliza nani anachoma mpira.

Nikauliza swali ambalo mafundi wote huliuliza kwa sauti ya chini. "Bakapu ipo?"

Direkta akachangamka. "Ipo! Mimi siyo mtoto. Kuna folda inaitwa BAKAPU."

"Iko kwenye diski gani?"

"Hiyo hiyo."

Kijana akaongeza, kwa nia njema, kwamba ipo pia BAKAPU MPYA, na BAKAPU MPYA KABISA, zote humo. Kadi za kamera je? Zimeshafomatiwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi. Sikuwalaumu sana kwa hilo: kamera tatu zikirekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde, kila moja hula gigabaiti 22 na nusu kwa saa, na sherehe ya saa nne inakupa kama gigabaiti 270. Hakuna anayeziacha kwenye kadi.

Simu ya Direkta ikaita. Akaitazama, akaiweka kifudifudi mezani kwangu. Ikaita tena. Alikuwa shangazi wa bibi harusi, mweka hazina wa kamati, mwenye salio la malipo kwenye pochi.

"Shikamoo shangazi... Ndiyo, inarenda... Inarenda bado, shangazi, ni kubwa... Niko wapi? Niko..." Akanitazama kuomba msaada, maana kurenda ni kompyuta kukamilisha video. Muuza vocha wa jirani akapiga kelele za Kariakoo kuliko siku zote. Simu ikakatika upande wa pili.

Nikatoa diski kwenye kava. Kijana akashika bisibisi na kuulizia kama tufungue kifuniko cha juu "tupulizie moshi utoke". Nikamnyang'anya. Chini ya kifuniko kile kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa nafasi ya nanomita chache tu, na punje ya vumbi la Kariakoo kwake ni gari la mchanga. Kifuniko hakifunguliwi. Tatizo la volti hutafutwa chini, kwenye bodi.

Kipimo chenyewe ni chepesi. Tundu la umeme la SATA, kiunganishi cha diski hizi, lina pini 15. Pini 13 hadi 15 ni za volti 12, 7 hadi 9 ni za volti 5, na 4 hadi 6 ni ardhi, yaani njia ya umeme kurudi. Nikaweka multimita kupima ukinzani kati ya pini za volti 12 na ardhi: karibu sifuri. Yaani njia imepiga shoti. Ukiichomeka diski ya namna hiyo kwenye kompyuta ya mezani, pawasaplai hukataa kuwaka kabisa, na mwenye mali hudhani sasa ameua na kompyuta.

Direkta alipoona sura yangu imetulia akaogopa zaidi. Lakini ile sifuri ilikuwa habari njema. Karibu na tundu la umeme bodi nyingi za diski huwa na diodi mbili za TVS, moja ya volti 5, nyingine ya volti 12. Kazi yao ni kujitoa mhanga: volti zikizidi hupitisha umeme kwenda ardhini, na zikizidi kwa muda mrefu huungua zikiwa zimepiga shoti, ili vilivyo nyuma yao vipone. Ya volti 5 ilipima vizuri. Ya volti 12 ndiyo iliyolala.

"Sasa tununue diski kama hii tubadilishe bodi," akasema Direkta, ambaye kaona video mahali.

Kwa diski za zamani sana hiyo ilikuwa inakubali. Za sasa zina chipu ndogo ya miguu minane yenye vipimo vya diski ile ile ilivyotoka kiwandani, na usipoihamisha chipu hiyo kwenda bodi mpya, diski huzunguka na kugonga bila kusoma kitu. Hapa hatukuhitaji huko kote. Nikaing'oa diodi kwa bloa ya hewa moto, nikapima tena, sifuri imeondoka. Diski hufanya kazi bila diodi hiyo. Ila imebaki bila ulinzi, kwa hiyo kinachofuata ni kukopi tu, si kuirudisha kazini.

Wakati huo huo shangazi akaingia. Alikuwa ameshuka basi la mwendokasi Msimbazi na kufuata sauti ya muuza vocha.

"Shikamoo mama," tukasema wote watatu kwa pamoja.

"Marahaba. Ndiyo hii inayorenda?"

Hakujibiwa. Akavuta kigoda, akaketi, pochi mapajani.

Kijana alikuwa ametumwa kutafuta kava jingine na alikuwa amerudi nalo, la bei ya chini, la zamani lakini jipya kwenye boksi, adapta yake volti 12 (safari hii alinionyesha maandishi kabla ya kupumua). Direkta akasisitiza tulitumie. Tukachomeka. Diski ikazunguka kwa sauti tamu. Halafu Windows ikaonyesha diski ya gigabaiti 1,678 na kuuliza kama tunataka kuifomati.

Ujanja uko kwenye chipu ya kava. Makava ya zamani huhesabu sekta (vipande vidogo vya diski) kwa namba ya biti 32, na sekta za baiti 512 zikihesabiwa hivyo huishia terabaiti 2.2. Diski ikizidi hapo, hesabu huanza upya: toa 2.2 kwenye 4, unabaki na 1.8, ambayo Windows kwa hesabu zake huiandika gigabaiti 1,678. Data ipo yote. Kava ndilo halijui kuhesabu. Lakini ukikubali kufomati, umeandika juu ya mali yako mwenyewe.

Hayo niliyaeleza baadaye. Wakati ule kidole cha kijana kilikuwa tayari njiani kuelekea OK. Mimi nilikuwa mbali. Direkta alikuwa amefumba macho. Aliyekiona ni shangazi, ambaye hajui kompyuta, akakipiga kofi hewani.

"Umeshachomeka. Sasa unabonyeza?"

Nikaitoa diski kwenye kava hilo na kuifunga moja kwa moja kwenye SATA ya kompyuta ya mezani. Terabaiti 4 zikaonekana zote, folda tatu za bakapu zikiwa zimejipanga. Diski mpya ya kupokea ilikuwa imefomatiwa na kijana kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, ili "isome kwenye TV", na FAT32 haipokei faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video ya kwanza ya ukumbini iligoma. Nikaifomati NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho. Terabaiti 3.1 kwa megabaiti 150 kwa sekunde ni kama saa sita. Kwa waya wa USB 2.0 ingekuwa siku nzima na ushee.

Direkta akaanza kuulizia kava la diski mbili "linalojikopi lenyewe". RAID 1, yaani diski mbili kubeba nakala ile ile, inafaa diski moja ikifa, nikamwambia, lakini kijana akifuta harusi, itafutika kwenye zote mbili kwa utii uleule, na volti 19 zitazikuta zote zimekaa pamoja. Diski ya pili iwe na kava lake na adapta yake, ichomolewe ikishakopi, ilale nyumbani na si studio. Adapta ziandikwe volti kwa kalamu ya wino mnene, na mpambaji anunue zake.

Harusi ya shangazi ndiyo niliyoitanguliza. Ilipokwisha nikafungua faili katikati na mwishoni, si mwanzo peke yake, maana faili bovu mara nyingi huanza vizuri. Ndafu ikaingia ukumbini, ikachezewa. MC akaita meza moja moja. Shangazi akasogeza kigoda, akaangalia mpaka mwisho, akafunga pochi aliyokuwa ameanza kuifungua.

"Meza ya kamati iko wapi?"

Ukimya. Kamera tatu, na hakuna hata moja iliyogeuka upande ule.

"Hiyo," akasema Direkta, "ndiyo sehemu iliyoungua, shangazi. Si ndiyo, fundi?"

Wakageuka wote kunitazama. Nikainama chini ya meza kutafuta bisibisi, ambayo nilikuwa nimeishika mkononi.