Hivi Hii "Up" Inakwenda Wapi?

Mimi na vitenzi vya Kiingereza hatuna ugomvi. Give naijua, look naijua, put tumekua wote. Vinavyoninyima usingizi ni vile vihusishi vinavyoganda nyuma yao kama kupe: up, off, in, out, on. Vyenyewe herufi mbili tatu, lakini kikishagusa kitenzi tu, maana uliyolala nayo jana huamki nayo.

Chukua give. Shuleni tuliambiwa ni kumpa mtu kitu, tukaitikia kwa sauti moja. Haya, give up, nimekata tamaa. Give in, nimesalimu amri. Give out, miguu imegoma njiani. Give zote hizo, na mfukoni mwangu haijaingia hata mia mbovu!

Kiranja wao ni up. Wenzetu hawali tu, wana-eat up, na sote tunajua chakula kinaelekea upande gani. Wakikuharakisha ni hurry up, hata kama unateremka ngazi. Halafu mtu ukishazoea kwamba up inaingia kila mahali, ukasema unajitahidi ku-cope up na maisha, mwalimu anashusha kalamu nyekundu: hapo haitakiwi! Nani kamwambia? Hasemi. Discuss nayo haitaki about, talk inaitaka. Ukiuliza kanuni unaambiwa zoea tu.

Kijana wangu yuko kidato cha kwanza. Miaka 7 ya shule ya msingi kasoma kwa Kiswahili, kaingia sekondari akakuta hata baiolojia inaongea Kiingereza. Juzi kaniuliza nyumba iliyo-burn down na nyumba iliyo-burn up zina tofauti gani. Mwanangu, zote jivu, ita zimamoto. Kaniuliza tena: kwa nini taa iki-go off inazima, na king'ora kiki-go off kinapiga kelele? Nikamwambia kalale.

Tuje kwenye usafiri. Teksi una-get in, daladala una-get on. Nimebanwa katikati ya watu, shavu limebandikwa kwenye kioo, kwapa la mtu liko puani, na Mwingereza anasema niko on the bus. On ya wapi? Wa on ni konda, anayening'inia mlangoni.

Siku nazo zina vihusishi vyake. On Monday, in January, in the morning, lakini at night. Usiku umewakosea nini mpaka ukatengwa na asubuhi? Na wikiendi wenyewe kwa wenyewe hawasikilizani: Mwingereza at, Mmarekani on. Sisi tukisema Jumatatu ni Jumatatu, siku inajitosheleza.

Tena kwetu mambo haya yanafanyika kistaarabu, ndani ya kitenzi, bila kuacha mkia nje. Umehama Temeke, umehamia Kigamboni: irabu moja tu na kirikuu cha mizigo kimejua pa kwenda. Najua, mgeni anayejifunza Kiswahili ana kilio chake. Kumkimbia mkeo na kumkimbilia mkeo vinatofautiana kidogo sana, na hapo ndoa inaweza kuvunjika. Lakini huyo na alalamike kwa lugha yake, leo zamu yangu.

Na msidhani wenyewe wana amani. Mwaka 1672 mshairi wa Kiingereza John Dryden alimsema mwandishi mwenzake Ben Jonson kwa kuacha vihusishi mwishoni mwa sentensi. Jonson alikuwa amefariki tangu 1637! Marehemu amelala zake miaka 35, bado anaandamwa kwa sababu ya kihusishi.

Kazini ndiko kunakonitia presha. Bosi akisema look over hiyo ripoti, anataka uikague. Uki-overlook, hujaiona kabisa, andaa barua ya kujieleza. Maneno yaleyale mawili, yamegeuzwa tu!

Wiki hii ndiyo katuvuruga kabisa. Katuma ujumbe kwenye grupu la ofisi: "We are winding up on Friday." Basi. Mhasibu anasema ni kufunga hesabu za mwezi. Mlinzi, ambaye binti yake anasomea sheria, anasema wind up ni kampuni kufilisiwa. Kijana wa kompyuta anasema kwa Waingereza wind up ni kumtania mtu. Nimefungua kamusi, wote watatu wamo. Kumwuliza bosi hakuna anayethubutu, maana akiulizwa Kiingereza chake hununa mpaka mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi wenyewe ndio huo hatujui kama upo.

Nikaona isiwe tabu. Nikanyata hadi kwa mhasibu kuomba advansi ya mshahara. Nimekuta foleni, mlinzi ni wa kwanza.