Kama umelipwa kusifia bidhaa, sema mwanzoni kabisa

Mi nipo upande wa wanaotaka bloga aliyelipwa aseme kalipwa. Marekani hili liko kwenye maandishi tangu 2009, tume yao ya serikali inayosimamia biashara, FTC, ilivyorekebisha miongozo yake ya matangazo na bloga nao wakaingizwa. Kelele zilikuwa nyingi, eti serikali inaingilia uhuru wa mtu kuandika. Uhuru gani sasa? Sifia sabuni mpaka uchoke, ila useme nani kakupa hela.

Angalia walichofanya Lord & Taylor, duka la nguo la hukohuko. Machi 2015 waliwapa mainfluensa 50 gauni la aina moja, wakawalipa kati ya dola 1,000 na 4,000 kila mmoja, walivae wapige picha waposti Instagram wikendi ileile. Kampuni ikazipitia posti zote kabla hazijapanda, mkataba ukawabana wataje duka na hashtegi yake, lakini hakuna palipowataka waseme hii ni kazi ya kulipwa. Posti zikafika kwa watu milioni 11.4 na gauni likaisha dukani. Dada wa watu yuko zake kwao anashika simu anaona gauni lilelile kwa huyu na kwa yule, si ataamini kweli limependwa? 2016 FTC wakamalizana na kampuni kwa makubaliano bila faini yoyote, na hapo ndo panaponiuma, maana mauzo yalishafanyika.

Na hilo ni gauni tu. Kuna chai ya Teami, 2020 FTC iliwashtaki kwa kudai chai zao zinapunguza mwili, zinazibua mishipa, mpaka kansa zinapambana nayo, bila ushahidi wa maana, huku mastaa wanaisifia Insta na ile habari ya kulipwa imefichwa chini ambako huioni mpaka ubonyeze kusoma zaidi. Mgonjwa akiamini maneno kama hayo anaweza kuacha dawa zake jamani! Na huku kwetu chai za kukata tumbo zimejaa Insta, tunaziona kila siku.

Halafu kuna wale wa "sijalipwa, nimepewa tu bure". Ukipewa simu mpya bure umelipwa, hata FTC wanavihesabu vitu vya bure. Na usinifichie neno la tangazo katikati ya hashtegi ishirini, liweke juu pale jicho linapoanzia, na kama ni video litamke kwa mdomo wako.

Ila faini ianze kwa kampuni. Bloga mdogo aliyepewa lipstiki moja aonywe kwanza, aelekezwe. Mwenye bidhaa ana mwanasheria, ndo anaandika mkataba na anaipitisha posti kabla haijapanda, kumwongezea bloga sentensi moja ya "nimelipwa" kunamshinda nini?