Koilova au shokapu za kawaida kwa gari la kazini na la mbio

Mwenye Toyota Altezza au Subaru Impreza hapa Dar akishaonja mbio za wikiendi, akija gereji anauliza swali lile lile: nifunge koilova (seti ya shokapu na springi yake, inayorekebishwa urefu), au nibaki na shokapu za umbo la kiwandani nibadilishe springi tu? Wa koilova watakwambia gari lisilo nazo ni la kwendea sokoni. Wanaozipinga watakwambia unauza mgongo wako. Nimeendesha magari ya aina zote mbili. Kila upande una hoja, ila wote wanaanza na ugumu wa springi, wakati mimi ningeanza na nafasi aliyonayo gurudumu ya kupanda kabla halijagonga mwisho.

Tuseme gari lako lina milimita 80 za kupanda, nawe ukalishusha 40. Zimebaki 40. Nishati ya pigo la shimo ni ile ile, lakini springi inatakiwa iimeze ndani ya nusu ya nafasi, na ili iweze lazima iwe ngumu karibu mara nne. Springi fupi zinazouzwa kwa ajili ya kushusha gari hazifiki huko hata kidogo. Kwa hiyo gari linaonekana zuri limesimama, halafu likipita kwenye tuta linamalizikia kwenye raba inayozuia shokapu isigonge mwisho.

Hiyo raba niliiona kwa macho kwenye gari langu mwenyewe. Fundi alifungua shokapu ya mbele kushoto, akavuta kile kifuniko cha vumbi, na raba ya njano inayokaa kwenye fimbo ya shokapu ikadondoka vipande vipande, imekauka, ukiibonyeza inasagika kama andazi la juzi. Miezi minne tu ya springi fupi, njia ya Mbezi kwenda mjini na kurudi. Hasara haikuwa ya starehe peke yake. Ukiwa kwenye kona ya kasi, gari limelala upande mmoja, shokapu ikigota raba ugumu unapanda ghafla, tairi linaachia na pua inatoka nje ya kona. Kitu ulichofunga ili gari lishike barabara ndicho kinacholiachisha.

Hapo wa koilova wana haki ya kunyanyua mkono. Koilova nzuri ina springi ngumu kweli, ina shokapu iliyotengenezwa kwa ajili ya springi hiyo, na zile zenye mguu wa chini unaozungushwa hukuruhusu kushusha gari bila kula safari ya fimbo, ingawa tairi nalo lisije likagusa fenda. Zile za silinda moja zenye gesi hupoa haraka kuliko za silinda mbili, na hilo utalijua ukizunguka kwa kasi mizunguko kumi mfululizo: shokapu ya kawaida mafuta yanapata moto, yanatoa povu, gari linaanza kuelea. Mtu anayeshindana kila mwezi simwambii aache koilova.

Ila koilova ya bei ya chini siitetei. Kazi ya shokapu ni kuizuia springi isirudi kwa fujo, na ukiweka springi ya kilo 8 kwa milimita (yaani inayotaka kilo 8 ili ibonyee milimita moja) juu ya shokapu isiyoiweza, gari litadunda kwenye rasta kama mpira. Tena sisi tuko pwani. Hewa ya chumvi na maji ya masika yanakula uzi wa skrubu wa koilova, na baada ya mwaka mmoja ile pete ya kurekebisha urefu haizunguki hata kwa nyundo. Umelipia marekebisho usiyoweza kuyafanya.

Aina ya gari nayo ina neno lake. Altezza ina wishboni mbili (mikono miwili, wa juu na wa chini, inayoshika kila gurudumu) mbele na nyuma, inavumilia kushushwa kidogo. Impreza inatumia straat za MacPherson mbele, yaani mkono wa chini tu na shokapu yenyewe ndiyo inayoshika gurudumu kwa juu: ukiishusha sana, mikono ya chini inainama kuelekea juu, na bodi inapata sababu ya kulala zaidi kwenye kona kuliko ilivyokuwa kabla. Watu wanashusha gari ili lisilale, nalo linazidi kutaka kulala!

Kwa anayekwenda kazini Jumatatu na kushindana mara tatu nne kwa mwaka, ningeanza kwingine. Bushi mpya (zile raba za kwenye maungio ya mikono ya gurudumu) kwanza, maana magari yetu mengi yameingia nchini yakiwa na zaidi ya miaka kumi na bushi zake zimechoka. Hakuna alaimenti inayokaa kwenye bushi iliyopasuka. Kisha matairi. Kisha stabilaiza nene ya nyuma (chuma kinachounganisha gurudumu la kushoto na la kulia ili gari lisilale), hasa kwa Impreza inayopenda kusukuma pua nje. Inapunguza kulala bila kuongeza ugumu kwenye tuta ambalo magurudumu mawili hulipanda pamoja, ingawa shimo la gurudumu moja utalisikia zaidi. Mwisho shokapu ngumu za umbo la kiwandani, na springi zinazoshusha milimita 20 au chini ya hapo.

Langu sasa liko hivyo. Kwenye mzunguko linaachwa na la jirani yangu mwenye koilova nzuri, tena waziwazi. Jumatatu asubuhi yeye anapita matuta ya mtaani kwetu kwa kukata kona, gurudumu moja moja, na foleni ya bajaji nyuma yake inapiga honi. Mimi huwa nimeshafika barabara kubwa.