Kabla ya kualika timu ya 15, hesabu wadakaji

Mnada ulikuwa umeingia saa ya tano. Nilibakiwa na dola moja na nafasi moja tupu, ya mdakaji wa pili, yaani yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji. Ligi yetu ya besiboli ya fantasi, mchezo wa kununua wachezaji halisi kwenye mnada na kushindana kwa takwimu zao za uwanjani, ilikuwa na timu 15, na kila timu ilitakiwa kuwa na wadakaji wawili. Fanya hesabu: tulihitaji wadakaji 30, na ligi kuu ya Marekani ina timu 30, kila moja na mdakaji mmoja wa kuanza. Mdakaji wa mwisho mwenye namba ya kudumu alikuwa majeruhi, kwa hiyo dola yangu ikaenda kwa msaidizi wake, jamaa wa kucheza mara mbili kwa wiki. Alipiga wastani wa chini ya .200, yaani hakufikisha mapigo mawili ya mafanikio kwa kila majaribio kumi, mpaka nikamtema mwezi Juni. Ligi inapohesabu wastani wa kupiga, mchezaji wa namna hiyo ana hasara kuliko nafasi tupu. Nafasi tupu haikuongezei kitu, lakini angalau haikuvuti chini.

Tulifikaje timu 15? Marafiki waliotaka kucheza walikuwa 15, basi. Ndivyo ligi nyingi zinavyopangwa, na mimi naona ni kuanza na mkia. Idadi ya timu na idadi ya nafasi za kikosi ni uamuzi mmoja, na kinachotakiwa kuuongoza ni swali hili: mnada ukiisha, nje kumebaki nani?

Muundo uliozoeleka ni wa wachezaji 23 kwa bajeti ya dola 260: wapigaji 14, wawili kati yao wakiwa wadakaji, na warushaji 9. Timu 12 zinachukua wapigaji 168. Tangu 2022, ligi zote mbili za huko, American League na National League, zina mpigaji maalumu anayepiga badala ya mrushaji, kwa hiyo kila timu halisi ina wapigaji tisa wa kuanza. Mara 30, hao ni 270. Toa 168, wanabaki 102 wenye kazi ya kila siku. Mtu wako akivunjika kidole mwezi Mei, unapata wa kumziba. Kwa timu 15 wanabaki 60, wawili kwa kila timu halisi, na wengi wao utakuwa umewakwepa kwa makusudi. Bado panachezeka. Ila wale wanaocheza kwa wachezaji wa American League peke yake, timu 12, sijui wanalala saa ngapi. Timu halisi zao ni 15, wapigaji wa kuanza 135, na wao wanataka 168! Yaani watu 33 wananunuliwa wakiwa wamekaa benchi huko kwao. Ajabu ni kwamba mchezo wenyewe ulizaliwa hivyohivyo. Mwandishi Daniel Okrent na wenzake walipouanzisha New York mwaka 1980, walitumia National League tu, iliyokuwa na timu 12 wakati huo.

Ukubwa wa ligi unageuza bei pia, na hapa ndipo wageni wa mnada wanapoumia. Kwenye ligi ya timu 10, mchezaji wa dola moja ni mchezaji mzuri tu, kwa hiyo ubora wa kweli uko kwa nyota wachache, na watu wanawapandia dau bila huruma. Sawa, lipa. Utajaza mapengo kwa dola mojamoja na hutajuta. Ukienda kwenye timu 15 na mbinu hiyohiyo, umekwisha, maana huko wa dola moja ndiye yule mdakaji wangu. Pesa inatakiwa ishuke kwa watu wa katikati, wale wa dola 8 mpaka 15 ambao hakuna anayewapigia makofi wakitajwa. Nimeshuhudia mtu akichapisha orodha ya bei ya ligi ya timu 12 na kuja nayo kwenye mnada wa timu 15. Kufika saa ya pili alikuwa anaiangalia kama ramani ya mji mwingine.

Benchi sasa. Kwa kawaida hujazwa baada ya mnada, kwa zamu, bila pesa, na kwa kuwa ni bure watu wanaitanua. Benchi la watu saba kwa timu 15 ni watu 105 juu ya 345 walionunuliwa: jumla 450. Hapo mchezaji wa maana aliye huru hamna, na mwenye bidii ya kufuatilia besiboli Julai hana pa kuonyesha bidii yake. Anashinda aliyebahatika kulimbikiza chipukizi mwezi Machi. Mtu akisema benchi refu ni kinga dhidi ya majeruhi, mpe nafasi mbili tatu za majeruhi, zitumike mchezaji akiwekwa kando rasmi huko kwao, siku 10 kwa mpigaji au 15 kwa mrushaji. Benchi lenyewe watu wanne wanatosha.

Msimu huu tumerudi timu 12. Nafasi 23 ziko palepale, ila ile ya mdakaji wa pili tumeifanya ya mpigaji yeyote. Wawili wamenuna, wanasema tumerahisisha mchezo, na mmoja wao ndiye aliyekuwa na wadakaji bora kuliko wote mwaka jana, kwa hiyo namwelewa. Kati ya watatu waliopunguzwa, wawili wamefungua ligi yao. Wa tatu kakataa kuondoka. Ndiye mnadi wetu sasa, na anaita "mara ya pili" taratibu mno ninapotaka mchezaji apite kwa bei ya chini.